Kuchagua kabati la vyombo nyumbani: mwongozo wa fundi seremala wa Mtwara

Fedha za korosho zikianza kuingia mitaani, wateja wa makabati ya vyombo huongezeka karakanani. Wengi huulizia kioo kwanza. Mimi huwaomba tuanze na mbao, kwa sababu kwa hewa yetu ya bahari, mbao ndiyo huharibu kabati.

Hatua ya 1: Panga vyombo chini. Tandika mkeka, toa kila unachotaka wageni wakione: sahani, birika, seti ya vikombe, kinyago cha mpingo. Pima kilicho kirefu kuliko vyote, ongeza inchi mbili za kupitisha mkono. Kina cha ndani kisipungue inchi 12, la sivyo sahani kubwa zitagusa mlango. Ukiweza, chukua lenye rafu za kuhamisha.

Hatua ya 2: Pima ukuta, na mlango wa nyumba pia. Kabati likikwama kwenye korido, litachubuka siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Kagua mbao. Hapa usiwe na haraka. Mninga na mkongo hupatikana kwenye misitu ya kusini. Mninga ukikauka vizuri hautanuki wala kusinyaa sana. Lakini ukauke! Niliwahi kuuziwa mninga mbichi nikiambiwa mkavu, nikamtengenezea mama mmoja wa Ligula kabati. Miezi michache baadaye milango ilikuwa imepinda, kioo kimoja kimepasuka kwa kubanwa na fremu. Nililirudia lote kwa gharama yangu, na bado naumia nikikumbuka uso wake.

Kwa hiyo vuta droo yote nje, uweke kiganja upande usiopakwa vanishi. Mbao mbichi ina ubaridi na harufu kali. Kisha inama utazame chini ya rafu: ukiona vitundu vidogo na unga laini kama wa muhogo, huyo ni bungua, liache hilo kabati. Mwisho geuza kabati utazame mgongo wake. Mgongo wa hadibodi hujikunja msimu wa mvua, kuanzia Desemba hivi. Plaiwudi hustahimili zaidi. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, inapendeza, ila ikinyonya maji huvimba na hairudi. Kama nyumba yako ina mchwa, kabati la alumini si jambo la aibu.

Hatua ya 4: Kioo. Mlangoni milimita 4 zinatosha. Rafu ya kubeba sahani iwe milimita 6, na ikizidi futi mbili iwekewe mhimili katikati. Pitisha kidole taratibu kwenye ukingo; ukikwaruza, urudishwe ukasagwe.

Hatua ya 5: Bawaba. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu. Bawaba ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu hunasa. Ya shaba hainasi. Ya chuma italiwa na kutu kwa chumvi ya hapa, na kutu hiyo hushuka ikatia doa kwenye mbao.

Hatua ya 6: Kuliweka. Liache inchi moja kutoka ukutani hewa ipite, miguu iwe mirefu kiasi cha fagio kuingia, uwaone mchwa mapema. Lifunge ukutani juu kwa skrubu na fisha (kiplastiki kinachoingizwa kwenye tundu la ukuta kushika skrubu), hasa kama kuna mtoto anayeanza kusimama kwa kushika vitu. Acha milango wazi siku mbili tatu harufu ya vanishi itoke, ndipo upange vyombo, vizito rafu ya chini.