Kulisha Nyanya za Ndooni na Kutibu Upungufu wa Madini

Somo hili ni la wale wanaolima nyanya katika ndoo, mikebe mikubwa ya rangi au magunia, kwenye roshani na mapaa ya nyumba za Nairobi. Nyanya ya shambani hupeleka mizizi mbali ikajitafutia riziki. Ya ndooni hutegemea mkono wa mwenye kuilea, na kila inapomwagiliwa hadi maji yakachuruzika chini, sehemu ya chakula chake huondoka na maji hayo. Kwa sababu hiyo, kuilisha ni kazi ya kidogo kidogo inayoendelea hadi mavuno ya mwisho. Kabla hujaenda kwenye duka la pembejeo, naomba ushike jambo moja: usinunue dawa ya upungufu wowote kabla ya kutazama kama jani linaloumwa ni la chini au la juu, na kabla ya kutia kidole udongoni kupima unyevu.

Hatua ya kwanza: chombo na udongo

Mche mmoja unahitaji ndoo ya lita 20 iliyotobolewa vizuri chini. Aina fupi kama Cal-J huvumilia chombo kidogo zaidi, lakini zile ndefu zinazoendelea kupanda, kama Anna F1, zikibanwa huwa na kiu kila mchana, na kiu hiyo ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo tutakayoyataja. Changanya sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga mkubwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea upande wa Embakasi haufai, kwa kuwa huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mizizi hukatika. Unapopanda, tia vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa vya DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi, yaani gramu 10 hivi, uichanganye na udongo wa chini ili isigusane na mizizi michanga.

Hatua ya pili: ratiba ya chakula

Wiki mbili za kwanza usiongeze kitu. Mche ukifika urefu wa sentimita 25 hivi, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni, kuuzunguka, mbali na shina kwa upana wa kiganja, juu ya udongo uliokwisha kulowa, kisha mwagilia tena. Mbolea ya chumvichumvi ikiwekwa juu ya udongo mkavu huunguza mizizi.

Matunda ya kichala cha kwanza yakifikia ukubwa wa njegere, mahitaji ya mmea hubadilika. Sasa unataka potasiamu zaidi kuliko nitrojeni, kwani ndiyo inayojaza tunda na kulipa ladha. Wenye mfuko mwembamba watumie kijiko cha chai cha NPK 17-17-17, mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, kila baada ya wiki mbili au tatu. Wanaoweza kununua nitrati ya potasiamu, ile iliyoandikwa 13-0-46, wayeyushe gramu moja katika lita moja ya maji na kumwagilia mara moja kwa wiki. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa ndoo, chumvi imezidi: simamisha mbolea, na upitishe maji matupu kwa wingi hadi yatoke chini.

Wasiotaka mbolea ya dukani wanaweza kuloweka majani ya tithonia, yale maua ya manjano yaotayo kando ya barabara, ambayo yana nitrojeni na potasiamu kwa wingi. Yakishaoza majini, chuja na uzimue hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Harufu yake si ya kupendeza, na jirani wa ghorofa ya chini atakuambia.

Hatua ya tatu: kulisoma jani

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Madini mengine mmea unaweza kuyahamisha: yakipungua, huyatoa kwenye majani ya zamani na kuyapeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Hayo ni nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Mengine, hasa kalsiamu na chuma, yakishawekwa mahali hayahami, na upungufu wake hujitokeza juu, kwenye majani machanga, au kwenye tunda.

Jani la chini likipauka lote kwa pamoja, mishipa na nyama yake, na mmea ukadumaa, fikiria nitrojeni. Likiwa la manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, hiyo ni magnesiamu. Kingo zikiungua na kuwa kahawia, na matunda yakaiva kwa mabaka huku mabega yakibaki magumu na ya manjano, potasiamu haitoshi. Rangi ya zambarau chini ya majani huonyesha fosforasi, lakini katika baridi ya Juni na Julai isikutie wasiwasi: fosforasi imo udongoni, ila mizizi iliyopoa haiifyonzi vizuri, na joto likirudi majani mapya hutoka ya kijani. Kuongeza DAP wakati huo ni kutupa pesa.

Jani la juu likiwa la manjano au karibu jeupe, na mishipa yake ikiwa imechorwa kwa kijani, ni chuma.

Hatua ya nne: tiba

Nitrojeni hurekebishwa kwa CAN kama tulivyoeleza. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayarudi. Tazama yale mapya. Kwa magnesiamu, yeyusha gramu 10 za chumvi ya Epsom katika lita moja ya maji, unyunyizie majani jioni, na urudie baada ya wiki moja au mbili.

Kalsiamu inahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Tunda huanza na doa la maji kitakoni, kisha doa hilo huwa jeusi, kavu na lililobonyea. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu, na huu si ukungu. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji tu. Siku mmea unapokauka, majani hunyang'anya maji yote na kitako cha tunda, kilicho mwisho wa safari, hukosa. Hivyo tiba ya kwanza ni kumwagilia kwa utaratibu, kila siku kwa kiasi kinacholingana, na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Ya pili ni kupunguza CAN na samadi ya kuku, kwa kuwa amonia na potasiamu zikizidi hushindana na kalsiamu mizizini. Ya tatu ndiyo nitrati ya kalsiamu, gramu moja katika lita moja ya maji ya kumwagilia. Maji ya mfereji yatokayo bwawa la Ndakaini ni laini na hayana kalsiamu nyingi, kwa hiyo nyongeza hii ina maana hapa kwetu. Usiichanganye na chumvi ya Epsom wala mbolea yenye fosfati katika chombo kimoja, kwani hugandana na kutua chini kama chokaa.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Lang'ata: Mwalimu, sisi tunatumia maji ya kisima cha kuchimbwa. Majani ya juu yamekuwa manjano ingawa ninaweka mbolea kila wiki. Niongeze?

Jibu: Usiongeze, dada. Visima vingi virefu vya Nairobi vina maji yenye sodiamu na bikaboneti, ambayo hufanya udongo wa ndoo uwe na alikali kadiri unavyomwagilia, na chuma kilichomo hakiyeyuki tena. Changanya na maji ya mvua kila unapoweza kuyakinga, usiweke majivu kabisa, na ununue chuma chenye alama ya EDDHA, ambacho hufanya kazi hata kwenye udongo wa namna hiyo. Badala ya CAN tumia salfeti ya amonia, kwa kuwa hiyo hupunguza alikali.

Swali, kutoka Umoja: Je, maganda ya mayai yanaponya kitako cheusi?

Jibu: Kwa msimu huu, hapana. Huyeyuka polepole mno. Yasage yawe unga na uyachanganye na udongo wa msimu ujao. Kwa sasa rekebisha maji, na uchume matunda yaliyoharibika ili mmea usiyalishe bure.

Swali, kutoka Kasarani: Nyanya zangu ni nene, za kijani iliyokoza, lakini hazitoi maua. Nilipanda kwa samadi ya kuku.

Jibu: Hiyo ni nitrojeni iliyozidi, ndugu yangu. Acha mbolea yote yenye nitrojeni, ondoa machipukizi ya kwapani, yale yanayoota kati ya jani na shina, na hakikisha ndoo inapata jua saa sita au zaidi kwa siku. Kiganja kimoja cha majivu ya kuni kitaongeza potasiamu, lakini usikiweke siku moja na CAN, kwa maana amonia itapotea hewani.

Swali, kutoka Kayole: Majani ya juu yamejikunja kama vikombe, ni madogo na kingo zake ni za manjano. Ni chuma au kalsiamu?

Jibu: Geuza jani utazame chini yake. Ukiona inzi weupe wadogo wakiruka, huenda ni virusi vya kukunja majani, na hakuna mbolea itakayovitibu. Ng'oa mche huo, uufunge ndani ya mfuko kabla ya kuupitisha karibu na mingine, kisha tundika mitego ya manjano yenye gundi juu ya ndoo zilizobaki.