Somo: Kuandika kumbukumbu ya mama baada ya matanga

Wasifu wa marehemu unaosomwa siku ya mazishi huandikwa usiku, watu wamechoka, simu zinaita, na kazi kapewa mtoto mwenye mwandiko mzuri. Ndiyo maana wasifu mwingi unafanana: alizaliwa, aliolewa, aliugua, ameacha mume, watoto na wajukuu. Hakuna uongo humo, ila aliyeishi naye hamsikii mama yake. Somo hili ni la andiko la pili, linaloandikwa turubai likishashushwa, likasomwa kwenye arobaini au misa ya shukrani, kisha likatunzwa nyumbani.

Hatua ya 1: Anza na baba. Kwenye misiba yetu hapa Dar, mgane hukaa nje na wanaume, anapewa pole na kahawa, na hakuna anayemuuliza habari za mkewe. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, na wanawake wenzake humzunguka. Mgane hana eda. Baada ya siku chache anarudi kwenye shughuli zake, nasi tunadhani amepoa. Hajapoa.

Usimuulize mama alikuwa mtu wa namna gani. Atajibu "alikuwa mtu mwema" na kunyamaza. Uliza vidogo. Mlionana wapi mara ya kwanza? Mahari alipokea nani? Mkiwa wawili alikuitaje? Akikasirika alifanyaje? Mzee mmoja wa Temeke alinisimulia kwamba mkewe akinuna alipika vizuri kuliko siku zote, akatenga chakula, kisha akamtuma mtoto: "Kamwambie baba yako chakula tayari." Naye mzee yuko palepale, kwenye mkeka huohuo. Watoto wote walilijua hilo, na wasifu haukulitaja.

Hatua ya 2: Tafuta miaka. Wengi wa bibi zetu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na tarehe ya kwenye kitambulisho ni ya kukadiria. Tumia matukio yanayojulikana: Uhuru, 9 Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, Azimio la Arusha, 1967, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, kisha foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Muulize shangazi: bendera inapandishwa, mama alishavunja ungo? Wanajeshi wanakwenda Kagera, kaka mkubwa alikuwa anatembea? Mkibaki na shaka andikeni "mnamo", msibuni tarehe.

Hatua ya 3: Fungua sanduku kabla ya kugawa. Hapa nawasihi sana. Nguo za marehemu hugawiwa mapema, na kanga zake zikishaondoka hazirudi. Zitandike moja moja, piga picha ile sehemu yenye maandishi, na kina mama wa rika lake wawepo. Watakwambia ipi alipewa harusini, ipi walishona sare na kina nani, ipi aliivaa kumjibu jirani. Ukikuta doti haijakatwa, bado ina ugumu wa dukani, uliza alikuwa anamwekea nani. Mara nyingi yupo, tena yumo humohumo nyumbani.

Hatua ya 4: Okoa sauti. Ujumbe wa sauti aliowatumia watoto kwa WhatsApp uhamishwe na uwekwe sehemu mbili. Laini isiyotumika hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine.

Hatua ya 5: Andika. Kurasa mbili zinatosha. Maneno ya wajukuu yaacheni kama walivyoyasema.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mama. Sisi ni Waislamu, na baba hataki arobaini kabisa. Tufanyeje?*

Marahaba mwanangu. Mfuateni baba, na lenye utata muulizeni shehe wenu. Andiko halihitaji arobaini. Someni dua yenu, andiko mlisome siku nyingine mkiwa wenyewe.

*Cheti cha kifo kina jina ambalo mtaani hakuna anayelijua. Tutumie lipi?*

Kwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), benki na mahakama ya mirathi, fuateni nyaraka zake. Kwenye andiko, anzeni na jina aliloitwa sokoni na majirani, la kwenye cheti lifuate.

*Mama alizaa mtoto kabla ya kuolewa na baba. Wadogo zetu hawajui. Tumtaje?*

Mwanangu, hili lisitoke kwenye karatasi mbele ya watu. Mwanzeni yeye mwenyewe, mumuulize anatakaje, kisha baba, kisha wadogo mkae nao kikao cha ndani. Akikubali, jina lake likae kwa mpangilio wa kuzaliwa, la kwanza, si mwishoni kwa "na wengineo". Kumbukeni pia kwamba mahakamani msimamizi wa mirathi hutakiwa kutaja warithi wote. Mkimficha leo, mtakutana naye huko mkiwa maadui. Mimi ningemwandika.

*Shikamoo mama. Baba kila akianza kusimulia analia, tunamkatisha. Tuache?*

Marahaba. Msimkatishe. Mpe maji, kaa, nyamaza naye. Na si lazima mkae sebuleni mkitazamana. Msindikize makaburini kupalilia, au panda naye daladala mpite mtaa waliopanga chumba chao cha kwanza. Mwanaume wa umri wake husema mengi akiwa njiani. Kama utarekodi, mwombe kwanza. Akikataa, sikiliza tu, ukifika nyumbani andika usiku huohuo, kabla hujalala.