Kabla ya kuchukua bekapu ya Linux kwa rsync

Rsync ni programu ya kunakili faili. Anza na diski ya nje itakayobeba nakala. Nyingi huuzwa zikiwa na fomati ya exFAT, ambayo haihifadhi mmiliki wa faili, ruhusa wala simlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye faili au folda nyingine). Kwenye Debian na Ubuntu za sasa hata /bin ni simlinki ya usr/bin, kwa hiyo nakala iliyokaa kwenye exFAT haiwezi kuwasha mashine. Ifomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, baada ya kuhakikisha jina lake kwa `lsblk -f`.

Kisha angalia kama imemauntiwa kweli, yaani imeunganishwa na folda, hapa /mnt/nakala: `mountpoint /mnt/nakala`. Isipokuwa imemauntiwa, hiyo ni folda tu ndani ya diski ileile unayoinakili. Rsync inaweza kuijaza hadi huduma zianze kuanguka, na wewe utadhani bekapu ipo.

Amri yenyewe, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo):

`rsync -aAXHv --numeric-ids --delete --dry-run --exclude={"/dev/*","/proc/*","/sys/*","/run/*","/tmp/*","/mnt/*","/media/*"} / /mnt/nakala/`

Wengi huishia kwenye `-a`. Hiyo peke yake inaacha ACL, yaani ruhusa za ziada za faili (A), sifa za ziada (X) na hadilinki, yaani majina mengi ya faili moja (H). `--numeric-ids` inahitajika kwa sababu utarejesha kutoka flashi ya Linux, ambako namba za watumiaji si zilezile. Mabano yale ni ya bash, programu inayopokea amri zako. Kwenye skripti ya sh hayafunguki, na utajikuta unanakili /proc. `--dry-run` ni jaribio lisilobadilisha kitu; soma orodha yake, inayoonyeshwa na `v`, kabla ya kuiondoa: ukigeuza chanzo na mwisho, `--delete`, inayofuta kisichopo kwenye chanzo, itafuta mfumo ulio hai.

Hifadhidata usizinakili zikiwa zinafanya kazi. Toa dampo (faili lenye data yote) kwanza kwa `pg_dumpall` kwa PostgreSQL, au `mysqldump --single-transaction` kwa MySQL.

Hifadhi pia, nje ya mashine, matokeo ya `sfdisk -d /dev/sda` (au jina la diski yako), yaani mpangilio wa partisheni, na ya `blkid`, yaani UUID (namba za utambulisho) zake. Urejeshaji hukwama zaidi hapa: partisheni mpya zina UUID mpya, /etc/fstab, orodha ya partisheni za kumaunti, bado inataja za zamani, na mashine inaishia kwenye emergency mode. Rekebisha fstab, maunti partisheni ya EFI (ya kuwashia mashine) kama ipo, unganisha /dev, /proc na /sys kwa `mount --rbind`, ingia ndani ya mfumo uliorejeshwa kwa `chroot`, halafu weka upya kianzishi kwa `grub-install` na `update-grub`. Zoezi hili lifanye mapema kwenye mashine pepe, kwa nakala hiyohiyo.