Somo: Kukunja parachuti kuu, kuanzia kamba hadi pini

Parachuti kuu inasamehe mengi. Kitambaa chenye makunyanzi hufunguka, na mfuko (unaobeba mwavuli ndani ya mkoba wa mgongoni) uliovimba upande mmoja hufunguka pia. Kuna mambo matano tu isiyoyasamehe: kamba zilizopitana, breki ambazo hazikufungwa, slaida iliyoshuka (kitambaa chenye pete kinachopunguza kasi ya kufunguka), kiparachuti ambacho hakikutegwa (kile kidogo kinachotupwa hewani kuvuta kikubwa), na ukanda wake uliopita pasipostahili. Mwanafunzi akitumia dakika thelathini kulainisha kitambaa na dakika moja kukagua hayo matano, amepanga muda wake kinyume.

Njia inayofundishwa hapa ni ile ya kusimama na kuning'iniza mwavuli, yaani kitambaa cha parachuti, begani, ndiyo inayotumika viwanja vingi vya miruko duniani. Somo ni kwa aliyekwisha kuanza kozi na ana mkufunzi pembeni; usilifuate peke yako kwa mara ya kwanza. Linahusu parachuti kuu peke yake. Ile ya akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni, akaifunga kwa lakiri na kutia sahihi kwenye kadi. Marekani kadi hiyo inadumu siku 180, na nchi nyingine zina muda wake. Wewe unakagua tarehe na lakiri, hufungui.

Hatua ya 1: Mahali na ukaguzi wa kamba

Tandaza turubai au zulia kivulini. Jua linakula nailoni, na saruji tupu inakwaruza kamba. Laza mkoba chini, nyosha kamba na mwavuli mbele yake, kisha mtu au uzito ushikilie mkoba usisogee.

Anzia kwenye raiza, ile mikanda minne inayopanda kutoka mabegani. Raiza za mbele zinabeba kamba za safu A na B, zinazokwenda puani mwa mwavuli, yaani ukingo wake wa mbele. Za nyuma zinabeba C na D pamoja na kamba za breki zinazokwenda mkiani, ukingo wa nyuma. Tenganisha makundi hayo manne kwa vidole na utembee nayo polepole hadi kwenye slaida. Pasiwe na kundi linalozunguka jingine. Ukikuta yamepitana, karibu kila mara sababu ni kwamba mkoba ulipenya katikati ya kamba wakati wa kubeba mwavuli kutoka ulipotua. Urudishe ulikopita, ukague tena. Usifungue viungo vya raiza ili kurekebisha, maana hiyo ni kazi ya fundi.

Hatua ya 2: Breki

Vuta kishikio cha breki chini mpaka kitanzi kidogo kilichoshonwa kwenye kamba ya breki kipite pete ya raiza. Ingiza ncha ya kishikio ndani ya kitanzi hicho, kisha sukuma kishikio kwenye mfuko wake hadi kikae imara. Kamba inayobaki ikunje na uifiche mahali ilipotengewa, kwani ikiachwa inaning'inia inaweza kunasa kishikio.

Breki moja ikifyatuka wakati wa kufunguka, mwavuli utazunguka kuelekea upande ambao breki bado imefungwa, na kwa mwavuli mdogo mzunguko huo unakuwa mkali upesi.

Hatua ya 3: Tega kiparachuti

Kiparachuti ndicho unachokitupa hewani kivute pini inayofunga mkoba na kutoa mfuko. Baada ya kazi hiyo kinajikunja chenyewe kwa kamba ya kati inayopita ndani ya ukanda wake, kisikuburute. Kwa hiyo kila unapokunja ni lazima ukitege upya: shika mwanzo wa ukanda kwenye mfuko, vuta kiparachuti mpaka kamba ya kati inyooke, na uangalie kidirisha kilicho kwenye ukanda karibu na pini. Rangi ya kamba ya ndani ionekane. Usipoiona, hakijategwa, na angani kitabaki kinaburutwa nyuma yako bila nguvu ya kuvuta chochote.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Kamba ya kati ikiwa ya Spectra, aina ya uzi wa kisasa, hupungua urefu kwa joto la msuguano. Baada ya miruko mingi, kidirisha kinaweza kuonyesha rangi sahihi huku kiparachuti chenyewe hakijai kikamilifu. Kila baada ya muda kitege, kishike kwa ukanda wake na ukitazame: kitambaa cha juu kikivutwa ndani katikati, peleka kwa fundi abadilishe kamba.

Hatua ya 4: Kupanga mwavuli begani

Weka makundi yote ya kamba begani, tembea hadi kwenye mwavuli huku ukisukuma slaida mbele yako, kisha uache kitambaa kining'inie. Pua ikuelekee wewe, mkia uwe upande wa mbali. Hesabu midomo ya seli za pua (vyumba vya kitambaa vinavyojaa hewa) kutoka upande mmoja hadi mwingine (mwavuli wa seli tisa uwe na tisa), uikusanye na uibane katikati ya magoti.

Sasa toa kitambaa nje, kulia na kushoto: kilicho kati ya A na B, kati ya B na C, kati ya C na D. Kila pindo lilale nje na kamba zote zikutane katikati. Ukiangalia kutoka juu uone kamba zimeshikana pamoja na kitambaa kimetawanyika pande mbili. Kamba za breki zikae katikati, upande wa mkia. Hapa ndipo mpangilio una maana halisi, kwa sababu kamba iliyozunguka kitambaa nje inaweza kuleta mwavuli uliogawanyika.

Hatua ya 5: Slaida

Slaida ni kitambaa cha mstatili chenye pete nne, kila pete ikipitisha kundi moja la kamba. Kazi yake ni kuzuia mwavuli usitanuke ghafla: unaporomoka kwa takriban kilomita 190 kwa saa, na bila breki hiyo ya hewa mwili na kitambaa vingeumia. Pandisha pete zote nne mpaka ziguse vizuizi vilivyoshonwa kwenye kitambaa. Si karibu na vizuizi, ziviguse. Kisha vuta kitambaa cha slaida kijitandaze sawa katika robo zote nne, kati ya makundi ya kamba.

Anayelalamika kwamba mwavuli wake unafunguka kwa kishindo aanzie hapa kabla ya kulaumu mtengenezaji. Mara nyingi slaida iliteleza sentimita chache wakati wa kulaza mwavuli chini.

Hatua ya 6: Mkia na kulaza

Tafuta katikati ya mkia, penye lebo ya onyo. Inua hadi usawa wa pete za slaida, bana kwa kidole gumba, kisha leta kingo mbili za mkia mbele ya pua na uzikunje pamoja. Sasa una kifurushi kirefu. Kilaze taratibu huku ukivuta kamba zibaki zimenyooka. Toa hewa kwa kukandamiza kwa mikono na magoti, na usiburute.

Hatua ya 7: Mfuko na kamba

Punguza upana wa kifurushi ulingane na mfuko, kikunje mfano wa herufi S, kiingize. Funga mdomo kwanza kwa mikunjo ya kamba inayopita kwenye raba za kufungia, halafu endelea na nyingine kushoto na kulia kwa usawa. Kila mkunjo utokeze sentimita 5 hadi 7 nje ya raba. Acha sentimita 45 hadi 60 za kamba bila kukunjwa kabla ya raiza. Ukiacha kamba fupi mno, mfuko utavutwa upande na kujizungusha unapotoka mkobani.

Raba iliyolegea ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kamba zikitoka zote kwa mpigo, mwavuli unatoka mfukoni kabla kamba hazijanyooka, na kufunguka kunakuwa kwa nguvu ya kuvunja. Raba yenye ufa itupe. Inauzwa bei ya chini kuliko kitu kingine chochote ulichovaa.

Hatua ya 8: Kufunga mkoba

Weka mfuko mkobani, raiza zilale vizuri mabegani. Mpangilio wa vifuniko hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo fuata kitabu cha mkoba wako. Kitanzi cha kufungia kiwe kimekaza: pini iingie kwa nguvu kidogo. Kitanzi kilicholegea kinaweza kuachia pini ndani ya ndege au mlangoni, na mwavuli unaofunguka mlangoni unahatarisha ndege nzima. Kikichakaa nyuzi, kibadilishe siku hiyohiyo.

Uzi wa msaada uliotumia kuvutia kitanzi utoe polepole, ukiupitisha chini ya pini ili msuguano usiunguze kitanzi. Ukague ukanda wa kiparachuti kutoka pini hadi mfuko wa chini ya mkoba: usipite chini ya mkanda wa mguu wala kuzunguka chochote. Kunja kiparachuti, kiingize, kishikio kibaki nje. Hakikisha kinatoka kwa mvuto mmoja.

Maswali ya wanachama

Diani: Tunatua ufukweni. Mchanga una madhara gani?

Mchanga wa matumbawe unasaga kamba kila zinapopita kwenye pete za slaida, na unaingia kwenye pete tatu za kuachia mwavuli. Kung'uta mwavuli kabla ya kuuleta kwenye turubai, na ufute raiza kwa kitambaa. Ukitua majini ni habari nyingine: suuza parachuti kuu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini, na upeleke mkoba wote kwa fundi afungue akiba na kukagua kifaa kinachofungua akiba chenyewe. Chumvi ikikauka kwenye kitambaa inabaki na kuendelea kukila.

Nairobi: Nikipata kamba zilizosokotana baada ya kufunguka, kosa ni la mkunjo?

Wakati mwingine. Mikunjo ya kamba isiyo sawa na mfuko uliolala upande huchangia. Lakini mara nyingi ni mwili: bega moja likiwa chini wakati wa kufungua, unaanza kuzunguka kabla mfuko haujatoka. Shika raiza, zitanue, piga mateke upande wa kujisokotoa. Endelea kutazama altimita, kipimo cha kimo. Chama cha waruka parachuti cha Marekani, USPA, kimeweka kimo cha kuamua kuwa futi 2,500 kwa wanafunzi na wenye leseni A, ya ngazi ya kwanza, na futi 1,800 kwa leseni B hadi D. Ukifika hapo bado unahangaika, achia parachuti kuu, fungua akiba.

Dubai: Nataka kuanza suti ya mabawa. Nikunje tofauti?

USPA inataka miruko 200 kwanza. Mkunjo ni huuhuu, ila vifaa hubadilika. Mgongoni mwa mvaa suti kuna eneo pana la hewa isiyo na nguvu ya kuvuta, na kiparachuti lazima kilipite. Kwa hiyo wengi hutumia ukanda wa mita 2.1 hadi 2.7 na kiparachuti chenye kipenyo cha sentimita 70 hadi 80. Mfuko pia unatoka ukielekea nyuma badala ya juu, ndiyo maana mkoba wenye kona za chini zinazofunguka unapendekezwa. Mwavuli uwe mpole, wa seli saba ikiwezekana. Usifanyie majaribio kwa mwavuli wako mdogo wa mbio.

Mombasa: Rafiki anaweza kunikunjia?

Sheria ya Marekani inasema parachuti kuu ikunjwe na atakayeiruka, au na fundi mwenye leseni, au mtu aliye chini ya usimamizi wa fundi. Kwingine uliza mkuu wa uwanja. Usimkunjie mtu kwa fadhila tu.

Dar es Salaam: Nimeona pini ya mwenzangu haijaingia vizuri, tupo kwenye foleni ya ndege. Nimwambieje bila kumwaibisha?

Mwambie hapohapo, kwa sauti ya kawaida: "Ndugu, naomba nikuangalie pini." Subiri akubali ndipo uguse, maana mkono wa ghafla mgongoni mwa mtu unaweza kuvuta usichokusudia. Hakuna aibu ndani yake. Viwanja vizuri kila mtu anakaguliwa mara tatu: kabla ya kuvaa, kabla ya kupanda, na ndani ya ndege kabla ya mlango kufunguliwa. Mtazame pini, ukanda, kishikio cha kiparachuti, mikanda ya miguu na kifua, pete tatu. Kisha mgeuzie mgongo wako naye akutazame. Na mtu anapokuwa katikati ya kukunja, usimsemeshe wala usivuke kamba zake. Akishakatizwa, arudi hatua ya kwanza ya ukaguzi.