Mafua makali au korona? Usibahatishe, pima

Uko ughaibuni, umeamka mwili unauma kama uliyelima shamba zima, homa iko juu, kikohozi kikavu. Unaandika kwenye kundi la familia, unajibiwa: "Ni baridi tu hiyo, jifukize." Huenda. Lakini korona ikiwa bado inazunguka, si shangazi wala daktari atakayeitofautisha na mafua makali ya influenza kwa dalili pekee. Influenza humwangusha mtu ghafla, siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Korona inaweza kujificha hadi siku 14, na harufu kupotea ghafla hutufanya tuishuku zaidi. Hivyo ni vidokezo tu, na kuna wanaougua zote mbili kwa pamoja.

Kwa hiyo pima. Kipimo cha korona cha kujipima nyumbani kisome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Mstari hafifu, hata ule usiouona mpaka usogee dirishani, ni chanya. Kikiwa hasi na bado unaumwa, rudia baada ya saa 48. Ila kama una mimba, kisukari, pumu, selimundu au umri wa miaka 65 na zaidi, usisubiri marudio: piga simu kliniki siku hiyo hiyo, uulizie PCR, kipimo cha maabara kinachopima virusi vyote viwili kwa sampuli moja. Oseltamivir, dawa ya influenza, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na vidonge vya korona ndani ya siku 5.

Kuna jambo wengi wetu hulisahau: malaria. Huku ugenini daktari akiona homa wakati wa baridi hawazi mbu. Kama ulikwenda nyumbani kwenye malaria ndani ya mwaka uliopita, mwambie kabla hajauliza, na uombe kipimo cha damu siku hiyo. Usijitape kwamba umeizoea. Kinga uliyokulia nayo hupungua ukikaa nje miaka mingi.

Ukiuguzwa nyumbani, kunywa maji, lala, fungua dirisha, vaa barakoa mbele ya wenzako. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na geuza pakiti ya ile dawa ya mafua ya kukoroga: mara nyingi parasetamoli imo humo humo. Watoto wasipewe aspirini. Antibayotiki zilizobaki droo haziui virusi, na kujifukiza kumeunguza watu wengi bure.

Kupumua kwa shida, kifua kubana, kuchanganyikiwa, au homa iliyopoa kisha ikarudi kwa kishindo: hapo piga simu ya dharura. Maelekezo mengi husema utazame midomo kugeuka bluu. Kwa ngozi nyeusi tazama ulimi, ufizi na kucha. Hata kile kifaa cha kidoleni cha oksijeni huweza kutusomea juu kuliko hali halisi. Kikisema asilimia 95, yaani kawaida, nawe huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, waambie hivyo hivyo kwenye simu.