Somo: Karatasi za kujisajili chuo kikuu Ujerumani kwa wanaokwenda kubadilishana masomo

Ukishapata barua ya kukubaliwa, kwa muhula mmoja au miwili, tiketi isubiri. Anza na jina. Karatasi nyingi za kule zinalinganishwa na kompyuta, na kompyuta haijui kwamba Saidi na Said ni mtu mmoja.

Fungua pasipoti, tazama mistari miwili ya chini kabisa. Linaloanza baada ya TZA (kifupi cha Tanzania) ni jina la ukoo, zinafuata alama mbili za <<, kisha majina mengine. Andika hivyohivyo chuoni, ubalozini na kwenye bima, bila kuacha hata jina la kati. Wengi hukwama hapa: chuo kina majina mawili, bima ina matatu, taarifa hazikutani, na usajili unasimama bila mtu kukwambia sababu.

Kama huna pasipoti, ombi linajazwa mtandaoni, halafu unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake. Kwa sisi wa Kigoma, mkoa wa mpakani, tarajia maswali kuhusu uraia wa wazazi. Cheti cha mzazi kitafute mapema, kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha makubaliano ya masomo, yaani karatasi yenye orodha ya masomo utakayosoma kule. Yanahitaji saini tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Kule muhula mzima ni alama 30 za ECTS (krediti za vyuo vya Ulaya), mwaka 60. Kwetu Tanzania mwaka ni krediti 120. Kwa hesabu hiyo alama moja ya kule ni kama krediti mbili za hapa, ila chuo chako ndicho kinachoamua. Pata uamuzi huo kwa maandishi kabla ya kuondoka. Ukirudi na alama ambazo hakuna aliyekubali kuzihamisha, umepoteza muhula.

Viza inaombwa ubalozini Dar es Salaam, na ada yake ni euro 75. Ushahidi wa fedha kwa anayejilipia ni akaunti iliyofungwa, ambayo pesa yake unaitoa kwa kiwango cha kila mwezi tu: euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka (kiwango kilichoanza Septemba 2024). Majibu huweza kuchukua wiki nyingi, na muhula wa baridi katika vyuo vikuu vingi unaanza 1 Oktoba. Kwa hiyo ombi liwe limeingia Juni. Ukisafiri kwa treni au basi kutoka Kigoma, fika Dar siku mbili kabla ya miadi. Treni ikichelewa, miadi haikungoji.

Nyaraka ziskaniwe steshenari, kila moja faili yake ya PDF. Picha ya simu yenye kivuli hurudishwa.

Ukishafika, mambo yanashikana kama vishikizo vya shati: ukikosea cha kwanza, vyote vinakwenda upande.

1. Bima ya afya. Aliye chini ya miaka 30 kwa kawaida anaingia bima ya umma. Chuo hakipokei kadi yako. Kampuni ya bima ndiyo inayokitumia chuo taarifa ya bima yako moja kwa moja kwa mfumo wa kompyuta; taarifa hiyo inaitwa M10. Waombe kwa maandishi waitume, utaje jina kamili la chuo. Ukichagua bima binafsi mwanzoni, kurudi bima ya umma wakati wa masomo hayo haiwezekani.

2. Ada ya muhula. Mwanafunzi wa kubadilishana kwa kawaida halipi karo, ila hii analipa, na mara nyingi ndani yake mna tiketi ya usafiri. Andika namba ya kumbukumbu uliyopewa. Pesa isiyo na namba hiyo inaingia kwenye akaunti ya chuo ikakaa tu, nawe unahesabika hujalipa.

3. Anwani. Ndani ya wiki mbili za kuhamia, jiandikishe ofisi ya wakazi ukiwa na pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Miadi ya ofisi hiyo hujaa haraka, basi itafute ukiwa bado nyumbani.

4. Kibali cha kuishi, kama viza yako ni fupi kuliko masomo. Omba kabla viza haijaisha.

Maswali ya wanachama wa kundi letu (kila mmoja ametajwa kwa mahali anapotoka)

Ujiji: Shikamoo mwalimu. Cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, pasipoti matatu. Nibadilishe cheti?

Jibu: Marahaba. Kiache cheti. Nenda kwa wakili ule kiapo kwa Kiingereza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kisha kiapo hicho ukiskani pamoja na cheti. Kama jina lenyewe ni jingine kabisa, kiapo hakitoshi. Hapo unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Kasulu: Kaka, mimi nina ufadhili. Hiyo 11,904 bado inanihusu?

Jibu: Hapana, mradi barua ya mfadhili itaje kiasi cha kila mwezi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Barua inayosema "gharama zote" bila tarakimu huleta maswali.

Tabora: Wiki za mwanzo nitafikia kwa rafiki. Naweza kutumia anwani yake?

Jibu: Ukiwa kweli unalala hapo na mwenye nyumba wake ameruhusu, rafiki anaweza kukusainia karatasi. Anwani ya kuazima, usipoishi, ni kosa lenye faini. Ukihama, unajiandikisha upya ndani ya wiki mbili, kisha uwajulishe chuo na bima siku hiyohiyo, maana kadi ya bima inatumwa kwa posta.