Namna ya Kuokoa Kaseti ya Hip-Hop ya Utotoni Pamoja na Kumbukumbu Zake

Kabla hujaanza kutafuta redio kaseti, chukua daftari uandike unachokikumbuka: wimbo wa kwanza wa hip-hop uliusikia wapi, nani alikuwa nao, wakati huo ulikuwa darasa la ngapi, na ni maneno gani uliyokuwa ukiyaimba ingawa hukuyaelewa. Hatua hii haifai kurukwa, kwa sababu kaseti ikishasikika, kumbukumbu hujirekebisha kimyakimya ili ifuate kilichomo, nawe hutaweza tena kujua ulikuwa ukikumbuka nini kabla yake. Kwa miaka mingi mimi niliapa kwamba kaseti yangu inaanza na Run-DMC, kundi la hip-hop la New York. Nilipoisikiliza, ilianza na mtangazaji aliyekatwa katikati ya neno, ikafuata nusu ya wimbo wa mapenzi, kisha sauti ya msichana ikiuliza kwa nini mlango umefungwa, nami nikamnyamazisha kwa ukali ambao sikujua kwamba nilikuwa nao. Run-DMC walikuwa upande wa pili.

Kaseti yenyewe ikague kwenye mwanga. Ukiona vidoa vyeupe kama unga kwenye ukingo wa ukanda, huo ni ukungu, na kaseti hiyo usiicheze, kwa kuwa itaichafua mashine na mashine itazichafua kaseti nyingine. Angalia pia kama kipande kidogo laini kinachoukandamiza ukanda kwenye kichwa cha kusomea bado kipo mahali pake. Kikidondoka, sauti hufifia na kupotea. Ingiza penseli kwenye tundu la gurudumu na uzungushe taratibu ili ujue kama ukanda unakwenda bila kukwama. Halafu vunja vile vikonyo viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu, kwa kuwa bila hivyo kitufe cha kurekodi hakibonyezeki, na kosa la sekunde mbili haliwezi kufuta ulichokitunza kwa miongo mitatu.

Mashine isafishwe hata kama inaonekana safi. Tumia pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo kufuta kichwa cha kusomea na mhimili wa chuma ulio kando yake, ukirudia mpaka pamba iache kutoka na rangi ya kahawia, ambayo ni vumbi la oksidi ya chuma lililoachwa na kanda za awali. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye unyevu tu, kisha subiri kila kitu kikauke. Peleka ukanda mbele hadi mwisho na uurudishe wote kabla ya kuucheza, ili matabaka yaliyoshikana yaachane.

Unganisha mashine na kompyuta kwa waya. Usiweke maikrofoni mbele ya spika, hata kama hivyo ndivyo ulivyorekodi ulipokuwa mtoto. Programu ya kurekodi sauti ya Audacity ni ya bure na inatosha. Hifadhi faili katika muundo wa WAV, ambao haupunguzi ubora wa sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 au zaidi. Saa moja ya stereo itachukua takriban megabaiti 600. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na ile ya 90 ina 45, kwa hiyo acha upande mzima upite bila kusimamisha. Usiondoe mvumo, wala usikate maneno ya mtangazaji au mlio wa kitufe. Ukitaka nakala iliyosafishwa, itengeneze kutoka kwenye faili ya pili na uiache ya kwanza ilivyo.

Sasa sikiliza ukiwa na daftari. Mwaka wa kutoka kwa wimbo hukuonyesha tu kwamba ulirekodi baada ya hapo. Ukiukuta wimbo wa Run-DMC na bendi ya roki ya Aerosmith wa 1986, huwezi kuwa ulirekodi mwaka 1985, lakini unaweza kabisa kuwa ulirekodi 1990, maana kaseti zilinakiliwa na kuazimwa kwa miaka. Kipande cha taarifa ya habari au tangazo kilichonaswa kati ya nyimbo ni ushahidi bora zaidi kuliko wimbo wenyewe, na ndiyo maana nimekataza kukata.

Sehemu inayonipa raha kuliko zote ni kufuatilia mapigo ya ngoma. Utotoni niliwashuku wasanii kuwa wanaibiana, kwa kuwa ngoma zilezile zilirudi katika wimbo baada ya wimbo. Zimo katika "Fight the Power" ya Public Enemy ya 1989, na zimo tena katika "Mama Said Knock You Out" ya LL Cool J ya 1990. Chanzo chake ni Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown, katika "Funky Drummer" ya 1970. Desturi hiyo ya kuazima mapigo ni ya tangu mwanzo wa hip-hop: DJ Kool Herc, katika sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 kule Bronx, New York, alikuwa akirefusha vipande vya ngoma vya santuri za watu wengine ili watu waendelee kucheza. Kwa hiyo, kando ya kila wimbo andika mapigo unayohisi umeyasikia kwingine, kisha tafuta santuri ya asili na uzisikilize zikifuatana.

Maneno uliyoyaimba vibaya yaandike jinsi ulivyoyatamka, herufi kwa herufi, na usiyasahihishe. Mashairi sahihi yanapatikana popote, hayo yako hayapatikani.

Mwisho, mchezee vipande hivyo mtu aliyekuwepo chumbani. Nilimchezea dada yangu zile sekunde tano za mlango, akasema sauti ile si yake bali ni ya binamu yetu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa ndani pamoja nami, amebonyeza kitufe cha kurekodi. Nimeliandika jibu lake chini ya langu, na sikufuta hata moja.